Kifaduro hakina umri

Mtu mzima akikohoa wiki tano mfululizo katika nchi zetu, njia atakayopitishwa inajulikana. Atapimwa makohozi kutafuta kifua kikuu. Akikutwa hana, atapigwa picha ya kifua. Picha ikitoka safi ataulizwa kama ana pumu, kama anasumbuliwa na kiungulia, kama anatumia dawa za presha za jamii ya enalaprili, ambazo kwa baadhi ya watu huleta kikohozi kikavu kisichokoma. Atapewa amoksilini, kisha dawa nyingine yenye nguvu zaidi, pamoja na chupa ya dawa ya kikohozi. Akirudi mara ya nne ataambiwa ni mzio. Katika mzunguko wote huo kifaduro hakitatajwa, wala hakitaandikwa kwenye faili lake.

Kifua kikuu kinastahili kabisa kutangulia. Anayekohoa wiki mbili au zaidi lazima apimwe TB, na daktari anayeruka hatua hiyo anacheza na uhai wa watu. Hoja yangu inaanzia pale majibu ya TB yanaporudi hasi. Hapo ndipo wengi wetu tulio katika taaluma hii tunaishiwa mawazo, kwa sababu kifaduro tulifundishwa katika somo la magonjwa ya watoto, tukajibu mtihani wake, tukakiacha huko huko wodi ya watoto. Mtu mwenye miaka 38 hatumfikirii. Matokeo yake tunamtibu vibaya yeye, na lililo baya zaidi, tunamrudisha nyumbani kwa mtoto wa wiki tano bila kumwambia neno.

Ugonjwa huu huletwa na bakteria aitwaye Bordetella pertussis, ambaye Jules Bordet na Octave Gengou walimweleza mwaka 1906, baada ya kufanikiwa kumwotesha katika maabara mjini Brussels. Mtu akishaambukizwa, kwa kawaida hukaa siku saba hadi kumi bila dalili. Kisha huanza mafua ya kawaida: pua inachuruzika, kikohozi ni kidogo, homa hakuna au ni ndogo sana. Hali hiyo huchukua wiki moja au mbili, na hapo ndipo anapoambukiza wengine kwa kasi kubwa zaidi. Baadaye mafua yanaisha, kikohozi kinabaki na kubadilika tabia. Kinakuja kwa vipindi, kwa nguvu, hasa usiku, na kinaweza kuendelea miezi miwili au mitatu.

Mtoto mdogo akipatwa na kipindi hicho hukohoa mpaka anakuwa wa bluu, kisha huvuta hewa kwa mlio mrefu ambao aliyewahi kuusikia hausahau. Mlio huo ndio tuliofundishwa kuutafuta. Mtu mzima njia zake za hewa ni pana, na mara nyingi mwilini mwake kumesalia kinga kidogo ya chanjo au ya ugonjwa wa zamani, kwa hiyo wengi hawautoi kabisa. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima wenye kifaduro walikuwa na kikohozi cha vipindi, lakini waliotoa mlio walikuwa takriban asilimia 30, na waliotapika baada ya kukohoa walikuwa kama theluthi moja. Daktari anayesubiri mlio ndipo afikirie kifaduro atawakosa saba katika kila kumi. Na kikohozi cha vipindi peke yake hakitoshi kuthibitisha chochote, maana magonjwa mengine ya kifua nayo hukileta. Ugumu huo ni wa kweli, na sitaki msomaji adhani kwamba tatizo ni uvivu wa madaktari tu.

Mgonjwa wa namna hii huketi mbele yako akionekana mzima. Joto la mwili ni la kawaida. Unaweka stetoskopu mgongoni, mapafu hayana kelele yoyote. Anakueleza vizuri tu kwamba mchana anafanya kazi zake, shida ni usiku. Ghafla anaikatiza sentensi. Anakohoa mara kumi, kumi na tano, ndani ya pumzi ile ile moja bila kupata nafasi ya kuvuta nyingine. Anashika ukingo wa meza, mishipa ya shingo inatuna, machozi yanamtoka. Mwishoni anatema ute mzito unaovutika, pengine na chai aliyokunywa asubuhi. Dakika mbili baadaye anajifuta uso, anasema, “Samahani daktari, ndiyo hali yenyewe,” na anakuwa mzima kama mwanzo. Ikiwa kipindi hicho hakikumkuta ndani ya chumba chako, wewe utaandika “kifua safi” na kumwita anayefuata.

Kuna mambo pia ambayo mgonjwa hatayasema asipoulizwa. Mama mwenye watoto watatu hatamwambia tabibu kijana kwamba mkojo humtoka akikohoa, mpaka aulizwe kwa staha. Mwanamume anayelalamikia maumivu ya ubavu anaweza kuwa amevunjika mbavu kwa kukohoa, na tunamwandikia dawa ya maumivu ya misuli. Wapo wanaozimia kwa sekunde chache wakiwa wamesimama jikoni au, jambo la hatari zaidi, wakiwa wameshika usukani. Haya yote yameelezwa katika vitabu vya tiba. Kipimo cha kawaida cha damu nacho hakisaidii: kwa mtoto mchanga, chembe nyeupe za aina ya limfosaiti hupanda sana na kumshtua daktari, lakini kwa mtu mzima kwa kawaida hubaki zilivyo.

Watu wengi, wakiwemo wahudumu wa afya, huuliza mtu aliyechanjwa utotoni ataugua vipi. Jibu ni kwamba kinga ya kifaduro haidumu maisha yote. Ya chanjo hupungua ndani ya miaka 4 hadi 12, na hata aliyewahi kuugua anaweza kuugua tena. Ratiba yetu Tanzania, na majirani zetu Kenya pia, imezoeleka: mtoto huchomwa chanjo ya mchanganyiko akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kwa miaka mingi safari ya kinga dhidi ya kifaduro imeishia hapo, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri dozi ya nyongeza katika mwaka wa pili. Mtu aliyemaliza chanjo zake akiwa na miezi minne, leo ana miaka 30, hana sababu ya kibaiolojia ya kuwa salama.

Je, ugonjwa huu kwa watu wakubwa ni wa kawaida kiasi gani? Jibu linategemea sana nani anatafuta. Uingereza ilipopata hofu ya chanjo katikati ya miaka ya 1970, wazazi waliacha kuwachanja watoto na mlipuko mkubwa ukafuata mwaka 1977 hadi 1979, zaidi ya wagonjwa 100,000 wakiripotiwa. Daktari wa familia Douglas Jenkinson, katika kijiji cha Keyworth karibu na Nottingham, alianza wakati huo kumwandika kila mgonjwa wa kifaduro aliyemwona, mtoto kwa mkubwa. Mlipuko ulipoisha na wenzake wakaacha kuufikiria ugonjwa, yeye hakuacha. Mwaka 1995 alichapisha katika jarida la BMJ maelezo ya wagonjwa 500 mfululizo wa kituo kimoja, waliokusanywa kati ya mwaka 1977 na 1992. Hakuwa na maabara ya ajabu. Alichokuwa nacho ni masikio, daftari, na mazoea ya kuuliza swali lile lile kwa kila aliyekohoa muda mrefu.

Miaka kumi hivi baadaye watafiti wa Oxford walifanya jambo kama hilo kwa kipimo cha damu. Walichukua watoto wa shule 172 wenye umri wa miaka 5 hadi 16 waliokuwa wamekohoa siku 14 au zaidi, wakatafuta kingamwili za kifaduro. Watoto 64, yaani asilimia 37, walikutwa na dalili za maambukizi ya karibuni. Wengi wao walikuwa wamekamilisha chanjo. Madaktari waliowaona hawakuwa wajinga. Walikuwa na orodha kichwani, na kifaduro hakikuwa ndani yake.

Hapa nafika kwenye jambo ninaloliona kuwa kiini cha tatizo lote, nalo halizungumzwi vya kutosha. Daktari hujifunza kutokana na makosa yanayomrudia. Ukikosea malaria, mgonjwa hurudi kesho akiwa taabani na unajifunza. Ukikosea kidole tumbo, daktari wa upasuaji atakupigia simu. Kifaduro cha mtu mzima hakikurudii. Mgonjwa anazunguka vituo vitatu, anakata tamaa, baada ya siku 90 kikohozi kinaisha chenyewe, naye anaisifu dawa aliyoinywa mwisho, iwe ya hospitali au ya mitishamba. Kila daktari aliyemwona anabaki na imani kwamba alimtibu mzio, au pumu, au mkamba. Hakuna aliyejua, kwa hiyo hakuna atakayejua mara nyingine.

Upande wa pili wa mnyororo huo uko wodi ya watoto, na nao umefunikwa. Kichanga wa chini ya miezi mitatu mara nyingi hana nguvu ya kukohoa kwa mlio. Anachofanya ni kuacha kupumua. Analetwa usiku akiwa amelegea, analazwa kwa nimonia, na akifariki cheti kinaandikwa nimonia. Katika utafiti mkubwa wa PERCH, uliochunguza nimonia kali ya watoto katika nchi saba, Kilifi nchini Kenya ikiwemo, watoto 53 kati ya takriban 4,200 waliolazwa walikutwa na kifaduro, wengi wao wakiwa na umri wa chini ya miezi sita. Ni zaidi kidogo ya asilimia moja, na sitaikuza takwimu hiyo. Lakini hao 53 walipatikana kwa sababu kulikuwa na watafiti wenye vipimo. Katika hospitali ya wilaya isiyo na utafiti wote wangekuwa nimonia, na hakuna ambaye angerudi nyumbani kuuliza nani alikuwa anakohoa.

Tafiti za nchi zinazofuatilia zinaonyesha kwamba chanzo cha maambukizi ya kichanga, pale kinapojulikana, kwa sehemu kubwa huwa ni mtu wa nyumbani: mama, baba, kaka au dada, bibi, msaidizi wa kazi. Yaani ni yule yule aliyeketi mbele yetu wiki mbili kabla, kifua safi, TB hasi, tukamwandikia dawa ya kikohozi.

Lipo tatizo la muda, na kwangu hilo ndilo gumu kuliko yote. Dawa za jamii ya makrolaidi, azithromaisini kwa mfano, humsaidia mgonjwa zikianza mapema, katika zile siku za mafua. Zikianza baada ya wiki tatu za kukohoa haziwezi kukikata kikohozi. Sumu ya bakteria imeshaharibu njia ya hewa na mwili unahitaji muda wa kujijenga upya. Nani huja hospitali akiwa na mafua ya siku tano? Watu huanzia duka la dawa. Wananunua vidonge vinne vya amoksilini, ambayo haina msaada wa maana kwa kifaduro, au nusu dozi ya azithromaisini, ambayo inatosha kuficha bakteria asionekane kwenye kipimo. Wanapofika kwetu katika wiki ya nne, kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya bakteria, kimeanza kupoteza uwezo wake, na kinachofaa zaidi ni cha kingamwili kwenye damu, ambacho nje ya maabara chache za utafiti hakipatikani kwa urahisi.

Hata hivyo si kweli kwamba mikono yetu ni mitupu. Janga la Uviko-19 lilituachia mashine za PCR katika maabara nyingi za kanda, na wahudumu waliozoea kupitisha kijiti chembamba puani mpaka nyuma ya koo. Kifaduro huchukuliwa sampuli kwa njia ile ile, isipokuwa kijiti cha pamba hakifai kwa kuotesha kwa sababu pamba humdhuru bakteria huyu. Hutumika cha nailoni au poliesta. Kinachokosekana ni vitendanishi vyake na fomu ya maabara yenye mstari wa kifaduro. Huwezi kuagiza kipimo ambacho hakimo kwenye fomu, na fomu haitabadilishwa kwa ajili ya ugonjwa ambao hakuna anayeuagizia kipimo.

Nikifika hapa huwa napingwa na wenzangu wenye hoja nzuri, na wanastahili kujibiwa. Wanasema ukiwafundisha madaktari kuona kifaduro kila mahali, watakiona hata kisipokuwepo. Ni kweli, na mfano upo. Mwaka 2006 katika hospitali ya Dartmouth-Hitchcock, jimbo la New Hampshire nchini Marekani, wafanyakazi walianza kukohoa na kipimo cha haraka cha PCR kikaonyesha kifaduro. Karibu wafanyakazi 1,000 walipimwa na kusimamishwa kazi kwa muda wakisubiri majibu, 142 wakaambiwa wanaugua, maelfu wakapewa dawa na chanjo. Sampuli zilipokuja kuoteshwa maabara, hakuna hata moja iliyotoa bakteria. Mlipuko haukuwepo, huenda ulikuwa kikohozi cha virusi vya kawaida, na kipimo kilitafsiriwa kupita uwezo wake. Tena kwetu, ambako azithromaisini inauzwa bila cheti, kuihubiri kama jibu la kila kikohozi ni kualika usugu. China tayari ina vimelea vya kifaduro visivyosikia dawa za makrolaidi, na vimeenea.

Ndiyo maana sidai kila anayekohoa wiki tano apewe azithromaisini. Dai langu ni dogo, na halihitaji mashine. TB ikitoka hasi na kifua kikiwa safi, daktari aulize mambo matatu kabla ya kuandika dawa: kikohozi kinakuja kwa vipindi vya kukata pumzi? Kuna mtu mwingine nyumbani au kazini aliyekohoa hivyo hivyo kabla yako? Na nyumbani kuna mtoto wa chini ya mwaka mmoja, au mjamzito aliyekaribia kujifungua? Jibu la swali la tatu ndilo linalobadilisha uamuzi. Fundi seremala anayeishi peke yake, wiki ya sita ya kikohozi, hahitaji antibiotiki. Anahitaji kuelezwa ugonjwa wake ni nini na utaisha lini, ili asiendelee kumaliza fedha kwa dawa zisizomfaa. Baba wa pacha wa wiki nne, wiki ya pili ya kikohozi, ni dharura. Yeye atibiwe siku hiyo hiyo, wa nyumbani wake wapewe dawa ya kinga, alale chumba kingine kwa siku tano, na wachanga waletwe kuangaliwa hata kama wanaonekana wazima.

Jambo jingine liko kliniki ya wajawazito, na kila mama msomaji wa safu hii analijua kwa bega lake. Sindano anayochomwa, Td, inamkinga yeye na mwanawe dhidi ya pepopunda na dondakoo. Kifaduro hakimo. Chanjo ya watoto yenye kifaduro haiwezi kupewa watu wazima, maana ile tunayotumia hutengenezwa kwa bakteria mzima aliyeuawa na ingewaletea maumivu na homa kali. Ipo aina nyingine iliyosafishwa, Tdap, inayotumika kwa vijana na watu wazima Marekani tangu mwaka 2005. Uingereza ilianza kuwapa wajawazito chanjo yenye sehemu hiyo ya kifaduro Oktoba 2012, baada ya mlipuko ulioua watoto wachanga 14 mwaka huo. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2014 ilikuta kwamba inawakinga wachanga wa chini ya miezi mitatu kwa takriban asilimia 90, kwa sababu kingamwili za mama huvuka kondo na kumlinda mtoto mpaka zamu ya chanjo zake ifike. Wajawazito walipoanza kuipuuza, mwaka 2024 England peke yake ilithibitisha wagonjwa karibu 15,000, na wachanga 11 wakafa.

Tdap ni ghali kuliko Td, na serikali zetu zina mizigo mingine ya chanjo. Naelewa hesabu hiyo. Lakini hakuna waziri atakayeitetea bajeti ya ugonjwa ambao vitabu vya takwimu za afya (MTUHA) vya wilaya nzima vinaonyesha sifuri mwaka hadi mwaka. Sifuri hiyo tumeiandika sisi, kwa kalamu zetu, kila tulipoandika “mkamba” kwa mgonjwa ambaye hatukumuuliza.

Na tuanzie kwa watu wetu wenyewe. Muuguzi wa wodi ya wazazi anayekohoa wiki ya pili anaendelea kuingia zamu, kwa sababu hana homa, kwa sababu wenzake ni wachache, na kwa sababu hakuna mwongozo unaomkataza. Anawabeba watoto waliozaliwa saa mbili zilizopita. Uongozi wa hospitali unaweza kuamua kesho asubuhi, bila kusubiri wizara, kwamba mhudumu wa wodi hiyo, ya wachanga na ya watoto akikohoa kwa vipindi, anaonwa na daktari kabla ya kuingia zamu, na kifaduro kikishukiwa anapumzishwa kwa malipo. Akipewa azithromaisini anarudi kazini baada ya siku tano bila hatari ya kumwambukiza mtu. Asipopewa, anaweza kuambukiza kwa wiki tatu tangu vipindi vya kikohozi vilipoanza.